Hatua Kumi na Nne Juu ya Kichwa Changu

Jumatatu, 2 Machi

Kuna mtu anatembea juu ya karakana.

Saa kumi kasoro robo, nimekaa, natia nta uzi. Redio, mshonaji wangu, ameshaondoka. Tak — tuu. Tak — tuu. Kutoka dirishani hadi mlangoni, hatua kumi na nne. Kimya. Kisha kumi na nne za kurudi.

Nimetengeneza viatu miaka ishirini na miwili. Mtu akipita nje namsikia tu, simwoni, na naweza kusema soli yake imelika wapi. Kwa hiyo sibahatishi. Huyu ana mguu mmoja mfupi, wa kushoto. Unatua kwa vidole, unachelewa kidogo, halafu wa kulia unaangukia kwa uzito wote.

Huo ni mwendo wangu. Wangu mimi! Na mimi nilikuwa nimekaa kitini.

Nikamfuata mama mwenye nyumba uani. Juu hakuna mtu, kasema, nimeweka magodoro ya zamani. Hakuniangalia usoni. Alikuwa anaanua nguo ambazo bado zinachuruzika maji.

Magodoro hayatembei.

Jumanne, 3 Machi

Mara tatu leo. Saa nne, saa saba, saa kumi. Kumi na nne kwenda, kumi na nne kurudi, hazizidi wala hazipungui. Mtu mwenye shughuli zake hatembei hivyo. Hivyo hutembea mtu anayengoja.

Redio — ndiye anayenishonea ngozi za juu za viatu, na jina hilo hakulipata kwa bahati mbaya — leo alinyamaza dakika nzima. Niliogopa kunyamaza kwake kuliko nilivyoziogopa zile hatua. Kisha:

"Dada, mtu akisikia nyayo zake mwenyewe, anaitwa."

Anaitwa na nani?

"Mimi sijui. Wewe omba tu."

Nikamwambia ashone. Jozi nne zinachukuliwa kesho. Mimi na kuomba tumeachana miaka sita sasa, tangu siku ya kumzika mama, na hakuna aliyemrudia mwenzake.

Alhamisi, 5 Machi

Nimejipima. Ujinga, najua. Nimelala juu ya meza ya kukatia, Redio kashika tepu, kutoka mfupa wa nyonga hadi kifundo. Tofauti sentimita 4.2. Ile ile ya tangu nilipokoma kukua. Sasa nilitegemea nini? Kwamba kuna mtu ameniazima mguu?

Niandike, labda itanitoka.

Nilisimama kwa mara ya kwanza nikiwa na mwaka mmoja na miezi minne. Watoto wengine wakisimama, watu hupiga makofi. Mimi nilisimama nikaegemea kushoto. Baba akatazama, akamwambia mama: mguu huo si wa ukoo wetu, mpeleke kwa mwenye nao. Siku hiyo hiyo. Mama akatoka na mimi mgongoni na begi moja. Kaka yangu, miaka saba, miguu imelingana kama ya meza, akabaki na baba.

Mama hakujitetea. Kwa mtu yeyote, maisha yake yote. Watu walimwita walivyomwita, sokoni, kisimani, hadi kwenye kwaya. Nikimuuliza kwa nini husemi, jibu ni moja: "Atasema mwenyewe." Na kila asubuhi magoti chini, anaomba kitu ambacho hakunitajia. Miaka thelathini na tisa. Akafa. Hakuna aliyesema kitu. Hesabu hiyo ndiyo iliyonitoa kanisani.

Kiatu changu cha kwanza cha kuinua mguu mfupi nilijitengenezea nina miaka kumi na minne. Kipande cha tairi, misumari sita. Sikufundishwa na mtu, sikushikwa mkono na mtu. Sijisifu. Naweka kumbukumbu.

Jumapili, 8 Machi

Nimekuja kazini Jumapili makusudi. Redio yuko kanisani, maduka yamefungwa, mtaa mzima hauna sauti. Saa tano.

Nikagonga nyundo mara tatu. Hakuna kitu.

Nikainuka, nikatembea kutoka mezani hadi mlangoni. Na juu, pamoja nami: tak — tuu. Nikasimama. Ikasimama. Nikatembea, ikatembea. Mwangwi, nikasema. Mwangwi unapimika. Nikavua viatu nikatembea kwa soksi, polepole, sakafu haikutoa hata mlio.

Juu ikatembea.

Hatua kumi na nne, kila moja juu ya utosi wangu. Kama mtu mzima anayemfundisha mtoto kutembea, amemshika mikono miwili kutoka juu. Vumbi la mbao likanidondokea begani. Nikafika mlangoni, ikafika. Nikaegemea mlango, na pale juu mbao zikalia kidogo, kama kuna mtu naye ameegemea.

Sikupiga kelele. Na nitaandika jambo la aibu kwa kuwa hakuna wa kulisoma: sikutaka ikome.

Jumatatu, 9 Machi

Basi. Mimi si mtu wa kuchezewa. Ngazi ya kwenda juu iko koridoni nyuma, vidato kumi na saba, kila kidato sentimita kumi na nane. Saa kumi na moja jioni, kabla ya kufunga, nimenyunyiza kote poda ile ninayotia ndani ya viatu vipya. Nyembamba, mtu haioni asipoinama.

Tutaonana.

Jumanne, 10 Machi

Alama!

Pekupeku. Mguu wa kulia unyayo mzima, urefu 26.8. Wangu ni 24.1, kwa hiyo si mimi ninayetembea usingizini — ndiyo, nilishalifikiria hilo pia. Mguu wa kushoto, sehemu ya mbele tu. Kisigino hakikugusa hata kidato kimoja. Kidole cha pili kirefu kuliko cha gumba. Kama changu.

Zote zinapanda. Hakuna hata moja inayoshuka. Nimerudia kuzihesabu mara mbili.

Kidato cha tisa kuna alama ya kiganja ukutani. Nikamwonyesha Redio: umeona, hapa alipumzika. Mizimu haichoki.

"Umewahi kumuuliza mmoja?" kasema Redio. Akajifunga kanga vizuri akaanza kusali palepale koridoni, kwa sauti, mbele ya wateja wawili na fundi wa friji wa duka la jirani. Fundi wa friji akaitikia amina halafu akauliza tunaombea nini.

Mlango wa juu umefungwa. Niligonga. Nilisikia mtu anazuia pumzi. Pumzi inayozuiwa ina sauti yake.

Alhamisi, 12 Machi

Kaka amekuja.

Miaka sita sijamwona. Siku ya mazishi ya mama alisimama mbali, karibu na geti, akaondoka kabla hatujamaliza kufukia. Leo akasimama mlangoni na karatasi imeviringishwa mkononi. Mvi zimemwingia.

"Hujambo, mdogo wangu."

Sijambo. Kiatu au habari?

"Vyote."

Akaikunjua mezani. Ukurasa wa kalenda, upande wa nyuma, na nyayo mbili zimechorwa kwa penseli. Nilivua soksi nikaweka mguu wangu wa kushoto juu ya ule wa karatasi. Kila kona inafanana. Wa karatasi mkubwa kidogo, basi. Nikamuuliza ni wa nani, na jibu nilishakuwa nalo.

Kaka akatazama dari.

Siku kumi na tatu! Siku kumi na tatu yule mzee yuko juu ya kichwa changu, na mama mwenye nyumba kaapishwa asiseme. Kaka anasema baba alitaka kwanza anisikie tu. Ninavyogonga. Ninavyosema na wateja. Anasema baba hakuwa na uso wa kuingia.

Halafu akanieleza lile lingine, huku anakwangua kucha meza yangu. Baba maisha yake yote anakunja vipande vya boksi ndani ya kiatu cha kushoto. Suruali ndefu kila siku, iwe joto, iwe baridi. Hajavua viatu mbele ya mtu. Majirani, ndugu, kazini — hakuna anayejua.

Na mama? Mke hawezi kukosa kujua!

"Mama alijua. Baba alimwapisha siku ya harusi. Mkono juu ya Biblia, asije akasema."

Naandika polepole. Mama alikuwa mtu wa kiapo. Alibeba jina chafu miaka thelathini na tisa, na jibu alikuwa nalo mdomoni. Na baba — mimi niliposimama nikaegemea kushoto alijiona. Alijiona akatufukuza!

Anataka nini? nikauliza.

Daktari kasema moyo umechoka. Anataka kwenda kaburini kwa mama. Anataka kiatu ili asimame sawa, aseme.

Aseme nini?

"Mimi hajaniambia."

Mwambie mafundi ni wengi.

Ijumaa, 13 Machi

Sifanyi.

Redio kasema dada, mama yako alikuwa anaomba jambo moja, sasa jambo hilo liko ghorofani linasubiri kiatu. Nikamwambia kama Mungu alikuwa na jibu angelileta mama akiwa hai, si miaka sita baadaye, kwa anwani isiyo yake.

"Labda si jibu la mama peke yake."

Shona, Redio.

Juu: mara moja tu leo. Hatua tisa. Hakumaliza.

Jumatatu, 16 Machi

Saa sita na dakika kumi, kishindo. Kitu kizito, kisha kinaburuzika, kisha hakuna.

"Dada!" Redio alishasimama.

Vidato kumi na saba sijui nimevipanda vipi, mimi ambaye huvipanda kwa mpango. Mlango haukufungwa leo. Magodoro yapo kweli, saba, yameegemezwa ukutani. Mama mwenye nyumba hakudanganya yote. Na katikati, sakafuni, mzee. Mdogo kuliko nilivyomchukia.

Ulimi wangu uliandaa shikamoo. Mazoea tu. Nikauuma. Tukatazamana.

"Marahaba," akasema.

Sijamwamkia!

Akasema usinishike, nitainuka. Hakuinuka. Nikamshika makwapani kama ninavyowashika wateja, nikamlaza. Hana uzito. Mikono yangu haijui kukaa bure, ikatoa tepu mfukoni. Kulia 84.1. Kushoto 80.3. Tofauti 3.8.

"Wako je?"

4.2.

Akafumba macho. "Umenizidi."

Nimekuzidi mengi, mzee.

Akacheka. Kacheka kweli, akakohoa, nikamshikia kikombe cha maji nikiwa na hasira hadi masikioni. Kisha nikamuuliza lililokuwa linanikereketa: Jumapili ile, ulivyokuwa unanifuata hatua kwa hatua, ule mchezo gani?

"Jumapili ipi?"

Tarehe nane.

"Tarehe nane nilikuwa hospitali. Nililazwa Jumamosi. Nimerudi Jumatatu jioni, kaka yako kanishusha barabarani, nikavua viatu nikapanda mwenyewe. Taratibu."

Nimempigia kaka. Ni kweli. Karatasi ya hospitali iko chini ya mto, nimeisoma: kuingia tarehe 7, kutoka tarehe 9. Ndiyo maana nyayo kwenye poda zilipanda tu. Nikashuka kwa mama mwenye nyumba. Chumba Jumapili kilikuwa na nani? Na nani tena, kasema, nilikifunga, ufunguo ulikuwa hapa. Akajipiga kifuani, pale anapoweka vitu vya thamani.

Hesabu ya ngazi imekubali. Hesabu ya Jumapili imekataa. Nimeirudia kila upande na inakataa.

Alhamisi, 19 Machi

Nimekata ngozi. Nyeusi, laini, ya mtu mwenye miguu inayovimba. Sijasema nimesamehe. Nimesema nimekata.

Mzee aliyezoea kupinda miaka sabini na minane humpi kipimo chote kwa siku moja, kiuno kitamtesa. Kanuni yangu ni theluthi mbili. Sentimita moja ndani ya kiatu, 1.6 chini ya soli, tabaka mbili za mpira mwepesi. Jumla 2.6. Akaniita juu akasema anataka zote. Nikamwambia 1.2 iliyobaki utaipata ukishasema unachokwenda kusema. "Mama yako naye alikuwa hivi," kasema. Nikashuka kabla hajaendelea.

Leo pia nimepiga magoti. Mwanzo nilikuwa natafuta sindano iliyodondoka. Nikaipata, nikabaki hukohuko chini. Redio alikuwa ameenda kununua gundi. Sikuwa na maneno, nilishayasahau, kwa hiyo nikasema nilichonacho: kumi na nne. Nani alitembea zile kumi na nne?

Nikangoja. Hakuna aliyejibu. Lakini naijua sauti ya chumba kisicho na mtu, nimeishi ndani yake miaka sita. Hiki hakikuwa kile.

Nikainuka, nikapangusa magoti. Gundi ikaja, si ile niliyoagiza.

Jumamosi, 21 Machi

Amevaa. Nilimfungia kamba mwenyewe, maana akiinama anakosa pumzi. Akatembea dirishani hadi mlangoni nikiwa chini nasikiliza, ndivyo ninavyopima kazi yangu. Tak, tak, tak. Karibu sawa. Hatua kumi na mbili, zimekuwa ndefu.

Redio kaacha kushona. "Sasa simjui tena," kasema.

Hata mimi. Kazi nzuri kabisa. Ule mwendo mwingine umekwenda wapi?

Kesho tunakwenda. Kaka analeta gari. Nimesema sishuki garini, mimi naangalia kiatu tu.

Jumapili, 22 Machi

Naandika nikiwa kiti cha nyuma, daftari juu ya goti. Saa nne na dakika ishirini na tano. Vioo vimefungwa kwa sababu ya vumbi.

Baba alikaa mbele, kavaa koti, mikono juu ya magoti kama mtu anayekwenda kwenye usaili. Kaburi la mama lipo safu ya nne kutoka njia kuu. Kuna mazishi ya watu wengine safu ya tano, kama watu thelathini, wamesimama na miavuli ya jua. Nikamwambia kaka turudi baadaye. Baba akasema hapana. Afadhali wawepo.

Alikwenda peke yake. Nilizihesabu hatua zake: thelathini na moja, zote sawa. Kaka amesimama getini, mgongo kwetu, kama siku ile.

Anazungumza. Simsikii. Anazungumza, ananyamaza, anatikisa kichwa, anazungumza tena. Anaponyamaza hatazami chini kwenye kaburi. Anatazama kushoto kwake, usawa wa uso wa mtu aliyesimama.

Saa nne na dakika thelathini na saba. Bado. Watu wa mazishi wameanza kugeuka, mmoja mmoja.

Anainama. Anashika kamba — anavua! Anavua viatu! Siku tatu za kazi, ngozi ile, na mzee anavua! Ameviweka pembeni vimepangwa vizuri. Amesimama pekupeku kwenye udongo. Bega moja limepanda juu, jingine limeshuka. Amewageukia wale watu na anakunja suruali. Anaikunja hadi juu ya goti, mguu wa kushoto, na kisigino kiko hewani. Anaonyesha kwa kidole: mguu, kaburi. Mguu, kaburi. Mwanamke mmoja mwenye mwavuli ameweka mkono mdomoni.

Sasa ananionyesha mimi.

Wote wanatazama gari.

Anayumba. Anaegemea kushoto, anazidi. Kaka hajageuka. Kwa pembe ile, mtu wa umri wake, bila fimbo, lazima aanguke, mimi najua, hii ndiyo kazi yangu. Haanguki. Mkono wa kushoto ameukunja kiwiko, kama mtu aliyeshikwa.

Wa kulia uko wazi. Ameunyoosha huku kwangu.

Hatua thelathini na moja. Nashuka